Majina ya Wanawake katika Bonde la Ufa la Kati: Nakuru na Viunga Vyake

Sheria ya kuwaandikisha Waafrika iliyopitishwa mwaka 1915 katika Himaya ya Waingereza ya Afrika Mashariki, na iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ilimlazimisha kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza umri wa miaka 16 kuchukua kipande. Katika mashamba ya walowezi ya Nakuru, Njoro, Molo na Naivasha, kipande hicho, kilichotiwa ndani ya kijaluba cha bati na kuvaliwa shingoni, ndicho kilichobeba jina la mtu, kabila lake, kazi yake na mshahara wake. Mwanamke hakuandikishwa. Mwaka 1947 ilitungwa sheria nyingine iliyokusudiwa kuwahusu watu wa rangi zote, nayo pia iliwaacha wanawake nje. Hao hawakuanza kupewa vitambulisho mpaka sheria iliporekebishwa mwaka 1978. Kwa muda wa miaka karibu sitini, basi, jina la mwanamume lilipita mikononi mwa karani, na jina la mwanamke halikupita.

Jambo hilo lilikuwa dhuluma, kwani asiye na hati hakuwa na sauti mbele ya serikali. Hata hivyo lilikuwa na tokeo ambalo wanaisimu hawana budi kulizingatia. Katika sehemu hii ya Kenya jina la kike limehifadhi sarufi ambayo jina la kiume, kwa kugeuzwa kuwa jina la ukoo, limeipoteza. Makala haya yanalieleza tokeo hilo kwa kutazama majina ya Wakalenjin, Wamaasai na Wagikuyu, ambao historia yao ya karne ya 20 katika eneo la Nakuru haitenganiki.

Mfumo wa Wakalenjin ndio ulio wazi zaidi kwa macho ya mwanasarufi. Jina la kuzaliwa lina sehemu mbili: kiambishi awali kinachoonyesha kama mtoto ni wa kiume au wa kike, na shina linalotaja wakati, mahali au hali ya kuzaliwa kwake. Kip- au Ki- ni ya kiume. Chep- au Che- ni ya kike. Kiprop na Cherop wote wawili walizaliwa mvua ikinyesha. Kibet na Chebet walizaliwa mchana. Kipkoech na Chepkoech walikuja kulipopambazuka, na Kipkorir na Chepkorir walitangulia kidogo, kabla ya mapambazuko. Kimutai na Chemutai ni wa asubuhi. Kiplagat na Chelagat ni wa jioni. Kipkemboi na Chepkemboi ni wa usiku. Katika orodha hii msomaji ataona kwamba siku nzima imegawanywa, si kwa saa, bali kwa mwanga na kwa mwendo wa mifugo. Chelimo alizaliwa ng'ombe wakitoka asubuhi kwenda kula majani. Chepng'etich alizaliwa walipokuwa wakiinuka. Cherotich alizaliwa waliporudi nyumbani, na Cherono alizaliwa jioni kondoo na mbuzi walipokuwa wakiingia bomani. Mtu ambaye hajapata kuishi na ng'ombe angedhani nyakati hizi ni zile zile. Mfugaji anajua kuwa kati ya kuinuka kwa ng'ombe na kutoka kwao ipo kazi nyingi ya kukamua.

Mashina mengine hutaja mahali au tukio. Chesang alizaliwa nje ya nyumba, Cheruto alizaliwa mama akiwa safarini, Cheptoo alizaliwa wageni wakiwapo, Chepng'eno alizaliwa karibu na mahali pa kulambia chumvi mifugo, na Chepkemei alizaliwa wakati wa ukame. Chepchirchir ni yule aliyekuja kwa haraka. Kwa kawaida uchungu wa mamaye haukuchukua muda. Katika kundi hili limo jina moja ambalo tarehe yake ya mwanzo haiwezi kuwa ya zamani sana: Chepchumba, na mwenzake wa kiume Kipchumba. Shina -chumba linahusiana na neno chumbek, yaani Wazungu. Mtoto huyo alizaliwa Wazungu wakiwa karibu, au baadaye alizaliwa hospitalini, mahali palipohesabiwa kuwa pao. Ujio wa reli uliofika Nakuru mwaka 1900, utwaaji wa ardhi, na misheni zilizofuata, yote hayo yamewekwa ndani ya kiambishi na silabi mbili, bila malalamiko na bila sifa. Mfumo haukuhitaji kubadilishwa ili kumpokea mgeni. Ulimpa nafasi ile ile uliyoipa mvua.

Kuhusu tahajia, Cherop na Jerop ni jina moja, na ndivyo ilivyo kwa Chelimo na Jelimo, Chepkorir na Jepkorir. Wakipsigis mara nyingi huandika Ch-, na Wanandi, Wakeiyo na Watugen huandika J-. Tofauti hiyo ni ya kalamu zaidi kuliko ya ulimi, maana katika Kikalenjin sauti ghuna na sauti zisizo ghuna za namna hiyo hazitenganishi maana ya maneno. Mwalimu wa Kiswahili anayemsikia mwanafunzi wa Kikalenjin akisema *chambo* mahali pa *jambo* ana sababu ya kulikumbuka hilo kabla ya kuinua kalamu nyekundu.

Aidha haifai kusemwa kwamba kila Che- ni ya mwanamke. Wako wanaume waitwao Cheruiyot, na babu wa Rais wa pili wa Kenya aliitwa Chebii. Kiambishi Chep- hutokea pia katika majina ya mahali, kama Chepalungu, sawa na Kip- ilivyo katika Kipkelion. Taaitta Toweett, aliyechapisha uchunguzi wake wa isimu ya Kikalenjin mwaka 1979, alitoka katika jamii yenyewe ya Kipsigis, na ni katika kazi za namna hiyo, wala si katika orodha za makarani, ambamo viambishi hivi huonekana kuwa sehemu ya mpango mpana wa nomino. Kwa wanawake wa vizazi vya kale kilikuwako pia kiambishi Tap-, kama katika jina Taplelei, ambacho siku hizi ni nadra kupewa mtoto.

Jina la wakati halikuwa jina pekee. A. C. Hollis, katika kitabu chake juu ya Wanandi kilichotolewa mwaka 1909, alieleza desturi ambayo Wakipsigis huiita kurenet, yaani kuita. Wanawake wazee walikusanyika karibu na mtoto mchanga na kuyataja majina ya marehemu wa ukoo, moja baada ya jingine. Mtoto alipopiga chafya jina fulani lilipotajwa, ilijulikana kuwa ndiye huyo aliyerudi. Na ugoro ulikuwapo wa kuisaidia chafya ikichelewa. Hivyo binti mmoja aliweza kuwa Cherop kwa kuwa ilinyesha, na papo hapo akawa bibi yake mkuu aliyekufa zamani. Jina la kwanza lilikuwa la watu wote kuitia. La pili lilikuwa la ndani. Wayoruba wa Nigeria wameiweka itikadi inayofanana na hiyo hadharani katika jina la kike Yetunde, lenye maana kwamba mama amerudi, ambalo hupewa msichana aliyezaliwa baada ya kifo cha bibi yake. Kwa Wakalenjin marejeo hayo hayakuonekana katika umbo la neno, bali katika tendo la kulitafuta.

Sasa yatazamwe yaliyompata mwanamume. Kijana wa Kikalenjin alipotahiriwa aliacha kuitwa kwa jina la utotoni mbele za watu, akachukua jina la baba yake likitanguliwa na arap, yaani mwana wa. Na katika kulichukua, kiambishi kiliachwa. Mwana wa Kiprotich akawa arap Rotich. Kama jina lake la kuzaliwa ni Kiprop, basi mwanawe naye angekuwa arap Rop. Jina lilitembea kizazi kwa kizazi na kamwe halikusimama. Karani alilisimamisha. Aliyeandikwa Rotich alibaki Rotich, na watoto wake wakawa Rotich, na wajukuu vile vile. Mfano unaofahamika na wote ni wa Daniel Toroitich arap Moi, Rais kuanzia 1978 mpaka 2002, ambaye nyumba yake ya Kabarak iko karibu na Nakuru. Baba yake alikuwa Kimoi arap Chebii. Ndiyo maana mwana akawa arap Moi. Kwa desturi wanawe wangekuwa arap Toroitich, lakini kwa sheria wamekuwa Moi. Katika hali hiyo shina la -moi halimtaji tena mtu aliyezaliwa wakati wowote. Limekuwa lebo.

Wasichana hawakupewa arap. Mwanamke aliishi na Cherop wake tangu kuzaliwa, na alipopata mtoto akaitwa Bot fulani, yaani mama wa fulani, kama ambavyo Kiswahili cha mjini Nakuru humwita Mama Chebet au Mama Wambui hata na mtu asiyelijua jina lake halisi. Kwa kuwa hakuna aliyelihitaji jina lake kwa ajili ya kodi au mkataba wa kazi, kiambishi chake hakikukatwa. Leo katika familia moja baba ataitwa Rotich, jina lisiloeleza tena kitu, na binti yake Cherotich, jina ambalo bado linaeleza jioni aliyozaliwa na ng'ombe waliokuwa njiani.

Kwa Wamaasai ushahidi uko katika ardhi zaidi ya watu. Walilimiliki bonde hili kabla ya mapatano ya mwaka 1904 yaliyowaondoa kuwapeleka Laikipia na kusini, na yale ya mwaka 1911 yaliyowaondoa tena Laikipia. Wakaondoka, majina yakabaki. Nakuru ni Enakuro, mahali pa vumbi. Naivasha ni Enaiposha, maji yanayosukasuka. Kimaasai hugawa nomino kwa jinsi ya kiume na ya kike, na na- iliyomo katika Naiposha ni kirejeshi cha kike, ambacho ndicho kinachoanza majina ya wanawake: Naserian, aliye na amani, Namunyak, aliye na bahati, Nashipae, aliye na furaha, Nasieku, anayewahi. Tofauti na Wakalenjin, majina haya hayatazami nyuma kwenye saa ya uzazi. Aghalabu humwombea mtoto mema au kumsifu. Anayesafiri kutoka Nairobi kwenda Nakuru, basi, hupita ziwa lenye jina lililoundwa kwa sarufi ile ile ya jina la msichana wa Kimaasai, katika nchi ambayo msichana huyo aliondolewa. Baada ya kuolewa mwanamke wa Kimaasai huweza kupewa jina jipya na watu wa mumewe, mfano Noonkishu, mwenye ng'ombe, na akishazaa huitwa Ng'oto fulani.

Waliokuja kuyajaza mashamba ya walowezi kama vibarua wakazi walikuwa, kwa wingi, Wagikuyu kutoka Kiambu, Murang'a na Nyeri. Majina yao ya kike yanahitaji kusomwa kwa njia nyingine kabisa, na hapa ndipo wengi wanaoandika orodha za maana hukosea njia. Jina Nyambura limetokana na mbura, mvua. Ukiliweka kando ya Cherop, mwanafunzi atasema haya ni majina mawili yenye maana moja. Kwa kamusi ni kweli. Kwa matumizi si kweli hata kidogo. Cherop aliitwa hivyo kwa sababu mvua ilinyesha siku hiyo. Nyambura aliitwa hivyo kwa sababu bibi yake alikuwa Nyambura, naye bibi yake pia. Anaweza kuzaliwa katikati ya kiangazi cha Gilgil na vumbi la Elementaita likipepea. Kanuni ya Kigikuyu inajulikana: binti wa kwanza huchukua jina la mama wa baba yake, wa pili jina la mama wa mama yake, kisha hufuata shangazi na mama wadogo au wakubwa. Baba humwita binti yake wa kwanza *maitu*, mama yangu, wala hafanyi mzaha. Jina kwa Mgikuyu ni nafasi katika nasaba. Kwa Mkalenjin, jina la kuitia watu wote ni nafasi katika siku.

Ndiyo maana akiba ya majina ya kike ya Kigikuyu si kubwa, na kiini chake ni majina ya mabinti wa Gikuyu na Mumbi katika hadithi ya asili: Wanjiru, Wambui, Wanjiku, Wairimu, Wangari, Wangui na wenzao, ambao koo za Wagikuyu zimeitwa kwa majina yao. Ndani ya akiba hiyo historia bado inasomeka. Nyokabi ni wa Ukabi, yaani wa kwa Wamaasai. Jina hili ni ushahidi wa ndoa na wa vita vya zamani kati ya makabila hayo mawili. Njoki ni aliyerudi, ndugu wa Yetunde wa Wayoruba. Na kwa kibarua wa Njoro au Olenguruone, aliyeishi katika ardhi isiyo yake na ambaye angeweza kufukuzwa wakati wowote, kama Wagikuyu wa Olenguruone walivyofukuzwa kufikia mwaka 1950, mfumo huu ulikuwa na kazi ambayo mfumo wa wakati na mahali usingeiweza. Bibi alibaki Kiambu. Jina lake lilikuwa likikimbia na kucheza kati ya vibanda vya wafanyakazi. Nasaba ilihama bila ardhi.

Mmoja wa watoto waliokulia katika mashamba hayo alikuwa Wangari Maathai. Alizaliwa Ihithe, Nyeri, mwaka 1940, na alipokuwa mdogo aliishi kwenye shamba la mlowezi karibu na Nakuru, ambako baba yake alifanya kazi. Wangari ni wa ngari, wa chui, na alipewa kwa kumfuata mama wa baba yake. Maisha yake ni somo kamili la yale yanayoweza kulipata jina la mwanamke. Alibatizwa Miriam, alipokuwa Mkatoliki akawa Mary Josephine, na katika masomo yake ya Marekani alijulikana kwa majina hayo ya Kikristo. Aliporejea Kenya mwaka 1966 alilirudia jina la Wangari. Alipoolewa alichukua jina la mumewe, Mathai. Baada ya talaka ya mwaka 1979 mume alimtaka aliache jina hilo. Hakuliacha wala hakulibakiza jinsi lilivyokuwa: aliongeza a moja, likawa Maathai, na kwa tahajia hiyo ndiyo dunia ilimjua alipotunukiwa Nishani ya Nobeli ya Amani mwaka 2004. Kwa mwanafonolojia irabu iliyoongezwa si jambo dogo. Kwa mwanasheria lilikuwa jina jingine.

Baada ya mwaka 1978 karani alimfikia mwanamke pia, na fomu ilitaka majina matatu. Faith Chepng'etich Kipyegon, mkimbiaji wa Keringet katika Kaunti ya Nakuru, mshindi wa mbio za mita 1500 katika Olimpiki za 2016, 2021 na 2024, anaonyesha mpangilio uliozuka: jina la Kikristo, jina la kike la kuzaliwa, kisha jina lenye kiambishi cha kiume. Mwanamke amebeba Chep- na Kip- kwa pamoja, jambo ambalo kwa sarufi ya kale lingekuwa mgongano, lakini leo hakuna anayelisikia hivyo. Wengine wamefanya kinyume. Beatrice Chebet, aliyeshinda mita 5000 na 10,000 mjini Paris mwaka 2024, na Peres Jepchirchir, aliyeshinda marathoni ya Olimpiki mwaka 2021, wanaandikwa kwenye mbao za matokeo kwa majina yao ya kuzaliwa mahali pa jina la ukoo. Mtazamaji wa Paris hudhani Chebet ni familia. Kumbe ni mchana. Na Jepchirchir ni umbo la kike la jina ambalo Rais aliyechaguliwa mwaka 2022, William Kipchirchir Samoei arap Ruto, analo kwa umbo la kiume. Wawili hao hawana udugu wowote zaidi ya haraka ya kuzaliwa.

Pia jina la kike limeanza kurithiwa. Samuel Wanjiru wa Nyahururu, aliyeshinda marathoni ya Beijing mwaka 2008, alikimbia kwa jina la mama yake. Zamani katika mji wa Kigikuyu wenye wake wengi si ajabu mwana kutambulishwa kwa nyumba ya mama yake. Lakini fomu ya serikali iliona jina la mama mahali pa jina la baba kuwa upungufu. Kifungu cha sheria kilichozuia jina la baba asiyeoa kuandikwa bila idhini yake kilitenguliwa na Mahakama Kuu mwaka 2016. Watoto waliokwisha kuandikwa Wanjiru, Njeri na Chebet wataendelea kuwa hivyo, na baadhi yao watawarithisha wana wao wa kiume majina hayo. Itakapokuwa hivyo, Che- nayo itaanza kupoteza maana yake ya jinsi, kama Kip- ilivyokatwa kabla yake.

Usomaji wa jina haukuwa kila mara wa amani. Katika ghasia za miaka ya 1990 huko Molo na kwingineko, na tena baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 mjini Nakuru na Naivasha, watu walisimamishwa njiani wakadaiwa vitambulisho, na silabi mbili za kwanza za jina zilitosha kuamua hatima ya mtu. Kadi iliyomchukua mwanamke miaka sitini kuipata ikawa ndiyo inayomshtaki. Mke wa Kigikuyu aliyeolewa kwa Wakalenjin alikuwa na Wanjiku upande mmoja wa kadi na Koech upande wa pili, na usalama wake ulitegemea ni nani anayesoma, na anaanzia wapi. Baadhi ya familia za mchanganyiko zimewapa mabinti majina mawili ya asili kwa pamoja, moja la bibi na moja la saa ya kuzaliwa, na kanuni zote mbili zimetimizwa kwa mtoto mmoja bila kugongana, kwa sababu hazikuwahi kujibu swali moja.

Limebaki jambo la uandishi, ambalo idara za lugha zina wajibu nalo. Kitambulisho, vyeti vya mitihani na mbao za matokeo huandika Chepngetich, bila ritifaa. Msemaji wa Kiswahili, aijuaye tofauti ya *ng'* na *ng*, hawezi kusema kuwa alama hiyo ni pambo. Pasipo ritifaa shina -ng'et-, kuinuka, halisomeki tena, na ng'ombe wa jina hilo wamebaki wamelala.